Umwagiliaji wa Miche Baada ya Kuhamishiwa Katika Vyombo Vikubwa

Mche wa mwembe au mlimao ulionunuliwa kitaluni mwezi Juni hauwezi kusubiri mvua za Desemba ukiwa katika kiriba kilekile. Katika wilaya za kanda ya kati, zenye msimu mmoja tu wa mvua unaokoma mwezi Aprili, kipindi cha kusubiri ni kirefu: mizizi hujaa, huanza kuzunguka ndani ya kiriba na hatimaye hutokeza kwenye matundu ya chini. Kwa sababu hiyo kaya nyingi huihamishia miche yao kwenye madumu yaliyokatwa, ndoo za zamani, makopo ya rangi au mifuko ya salfeti, ikae humo hadi ardhi itakapolowa. Uhamishaji wenyewe kwa kawaida hufanywa kwa uangalifu. Hasara huja baadaye, katika wiki tatu au nne za mwanzo, na chanzo chake mara nyingi ni maji: ama yamezidi, ama yamemwagwa mahali ambapo mizizi haipo.

Jambo la kufahamu kwanza ni kwamba mche uliohamishwa hauna mizizi katika udongo mpya. Mizizi yake yote imo ndani ya bonge la udongo lililotoka kwenye kiriba, na nywele zake laini, ambazo ndizo zinazofyonza maji, baadhi zimekatika wakati wa kuhamishwa. Udongo unaolizunguka bonge hilo hukaa na unyevu kwa siku nyingi kwa kuwa hakuna kinachoufyonza, huku bonge lenyewe likikauka. Mwenye mche hutazama udongo wa pembeni, akauona umelowa, akaridhika. Kumbe mche una kiu. Pengine hali huwa kinyume chake: anaona majani yamelegea, anaongeza maji kila jioni, na udongo mpya unageuka tope lisilo na hewa. Mizizi nayo huhitaji hewa. Ikiikosa huoza, na mche wenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na mche wenye kiu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa dalili ni moja ilhali tiba ni mbili tofauti.

Ukubwa wa chombo kwa hiyo ni sehemu ya suala la maji. Mche uliotoka katika kiriba cha kawaida unafaa kupelekwa kwenye chombo cha lita 5 hivi, si ndoo ya lita 20 moja kwa moja. Chombo kikubwa kupita kiasi hubeba udongo mwingi uliolowa usio na mizizi ya kuutumia. Matundu ya chini yasipungue matano, kila moja likiweza kupitisha kidole kidogo. Ile desturi ya kutandaza kokoto chini ya chombo ili maji yatoke upesi haina faida inayodhaniwa. Maji yaliyomo katika udongo wenye chembe ndogo hayateremki kirahisi kwenye nafasi kubwa zilizo kati ya kokoto. Hubaki juu yake mpaka udongo uloe kabisa. Kokoto hupunguza tu nafasi ya mizizi. Kinachosaidia ni udongo wenyewe kuchanganywa na mchanga pamoja na samadi iliyooza vizuri.

Umwagiliaji wa kwanza hufanyika mara tu baada ya kuhamisha, na huo ndio unaotakiwa kuwa mwingi. Lengo lake si kunywesha mche peke yake, bali pia kuushikamanisha udongo mpya na bonge la mizizi ili pasibaki mianya ya hewa kati yake. Maji humwagwa polepole, yakaachwa yanywee, kisha yakarudiwa mara ya pili na ya tatu hadi yatiririke kwenye matundu ya chini. Kwa chombo cha lita 5, lita moja hadi moja na nusu hutosha. Udongo ukishuka huongezwa mwingine, ila usiifunike sehemu ya shina iliyokuwa juu ya udongo hapo awali, na ukingo wa chombo ubaki wazi kiasi cha sentimita 3 ili maji yapate pa kutuama kabla ya kunywea.

Baada ya hapo mche huwekwa kivulini kwa siku saba hadi kumi, na maji hupunguzwa. Katika wiki mbili za mwanzo yaelekezwe karibu na shina, juu ya lile bonge la zamani, kwa kutumia kopo lililotobolewa matundu madogo. Kadiri majani mapya yanavyochipua, mizizi nayo huwa imeanza kupenya udongo mpya. Hapo maji husambazwa hadi ukingoni.

Swali la mara ngapi halina jibu moja la mwaka mzima. Mwezi Julai, kukiwa na baridi, mche unaweza kukaa siku tatu au nne bila kumwagiliwa. Mwezi Oktoba, jua likiwa kali na upepo ukivuma, huenda ukahitaji maji kila baada ya siku moja, au hata kila siku. Kipimo cha kuaminika ni kidole: kikizamishwa sentimita 5 karibu na shina na kukuta ubichi, maji yasubiri. Kupima uzito wa chombo kwa kukinyanyua pia hufaa, na baada ya wiki moja mkono huzoea. Mpapai uangaliwe zaidi kuliko mingine, kwa kuwa hauvumilii udongo uliotuama maji hata kwa siku chache.

Kwa kaya inayochota maji kwenye kioski, tofauti ni kubwa. Miche kumi ikipewa lita moja kila mmoja kila siku, hutumia lita 70 kwa wiki, yaani ndoo tatu na nusu. Ikimwagiliwa mara mbili kwa wiki katika majira ya baridi, ndoo moja inatosha, na miche huwa na afya bora zaidi.

Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa. Maji ya sabuni ya unga hayafai kwa mimea ya vyomboni, kwani chumvi zake hujilimbikiza humo. Hali kadhalika maji ya visima vyenye chumvi: utando mweupe ukionekana juu ya udongo, chombo kimwagiwe maji baridi yasiyo na chumvi, kwa wingi, mpaka yapite chini kwa muda. Mbolea ya dukani isubiri mwezi mmoja hivi, mizizi ipone kwanza.

Ikitokea bonge la mizizi limekauka kiasi kwamba maji yanapita pembeni bila kunywea, chombo kizamishwe nusu ndani ya beseni la maji kwa nusu saa, kisha kitolewe na kuachwa kichuruzike. Kisiachwe humo, wala sahani zinazowekwa chini ya vyombo zisiachwe na maji. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga katika maji ya namna hiyo hasa, na katika joto mayai yanaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Sahani hizo zimwagwe na kusuguliwa kila wiki.

Mche unaoendelea kunyauka ilhali udongo una unyevu utolewe chomboni na mizizi itazamwe. Mizizi myeupe au ya rangi ya majani makavu ni mizima. Iliyo myeusi, laini na yenye harufu imeoza. Ikatwe kwa kisu safi, na mche upandwe upya katika udongo mkavu kidogo. Mwenye shaka aupeleke mche huo, pamoja na udongo wake, kwa afisa ugani wa kata.