Gari Kuukuu Kushindwa Kipimo cha Moshi: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kununua Vipuri

Na Mwandishi Wetu – Kigoma

Mmiliki wa gari la miaka mingi anapoelezwa kuwa gari lake halikufaulu kipimo cha moshi, hudhani injini imekwisha. Mara nyingi sivyo. Kinachopimwa si umri wa gari bali namna mafuta yanavyoungua, na majibu yakisomwa vizuri huonesha mahali penye hitilafu.

Moshi wa magari unadhibitiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Udhibiti huo unalinda uhai: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua upesi mahali pasipopitisha hewa. Kwa sababu hiyo, gari lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa.

Kwa gari la petroli, gesi mbili huangaliwa zaidi. Kaboni monoksidi ikizidi, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa: kichujio cha hewa kimeziba, injekta zinavuja au sensa ya oksijeni imechoka. Haidrokaboni, yaani petroli isiyoungua, ikizidi peke yake, zikaguliwe plagi, koili na mgandamizo wa silinda.

Kwa gari la dizeli hupimwa uzito wa moshi. Moshi mweusi huelekeza kwenye kichujio cha hewa au nozeli. Kwa injini yoyote, moshi wa bluu ni dalili ya oili kuungua kutokana na ringi za pistoni au sili za valvu kuchakaa, na moshi mweupe usiokoma injini ikiwa moto huashiria maji kupenya kwenye gasketi.

Mazingira ya Kigoma nayo yana mchango wake. Vumbi la barabara za udongo wakati wa kiangazi huziba kichujio cha hewa mapema. Aidha, Ziwa Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na pwani. Gari la kabureta lililorekebishwa Dar es Salaam huchoma mafuta kupita kiasi likifika Ujiji. Lenye injekta na sensa nzima hujirekebisha lenyewe.

Mazoea mawili huharibu majibu ya kipimo. La kwanza ni kuondoa thamostati kwa hofu ya injini kuchemka. Injini isipofikia nyuzi joto 80 hadi 90, kompyuta ya gari huendelea kuongeza mafuta. La pili ni kung'oa na kuuza masega ya ekzosi, yenye madini ya platini, paladiamu na rodiamu. Masega ndiyo yanayogeuza gesi za sumu kuwa zisizo na madhara makubwa, na yakikosekana, gari la petroli lililoundwa kuyatumia huwa vigumu kufaulu.

Hata hivyo, masega yawe ya mwisho kubadilishwa. Mara nyingi huharibiwa na mafuta yaliyozidi au oili inayoungua. Yakifungwa mapya kwenye injini yenye ugonjwa uleule, nayo yataharibika. Kwa mkazi wa Kigoma, anayeagiza kipuri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, hiyo ni hasara mara mbili.

Utaratibu unaofaa ni huu: badilisha oili na kichujio cha hewa; kagua plagi na thamostati; soma hitilafu kwa mashine ya uchunguzi; ziba matundu ya ekzosi, kwani hewa inayopenya humpotosha fundi na sensa; kisha ndipo masega yapimwe. Kabla ya kurudia kipimo, endesha gari mpaka injini ipate moto, mathalani kutoka Mwanga hadi Ujiji na kurudi.

Oili chafu iliyotolewa ihifadhiwe kwenye chombo, isimwagwe mitaroni, kwa kuwa mvua huisukuma hadi ziwani.

Wananchi wanashauriwa kudai majibu ya kipimo kwa maandishi na kumkabidhi fundi, ili matengenezo yaanzie kwenye tarakimu na si kwenye kubahatisha.