Augsburg: Mji wa Kodi ya Senti 88

Kusini mwa Ujerumani, katikati ya mji wa Augsburg, upo mtaa ambao mpangaji hulipa kodi ya senti 88 za yuro. Kwa mwaka mzima.

Wanafunzi wa kigeni wanaosoma Munich kwa programu za kubadilishana hufika Augsburg asubuhi na kurudi jioni. Treni ya kasi huchukua kama nusu saa. Wasiotaka gharama hujikusanya watano, wakanunua tiketi moja ya siku ya jimbo la Bavaria na kupanda treni za kawaida, kama wanavyofanya wenyeji wengi. Mji wanaoufikia ulianzishwa na Warumi mwaka 15 kabla ya Kristo, lakini kinachowashika zaidi si magofu bali namna watu wanavyoishi leo.

Mtaa wenyewe ni Fuggerei. Aliyeuasisi mwaka 1521 ni Jakob Fugger, tajiri wa fedha na shaba aliyewakopesha hata wafalme. Aliuweka wakfu kwa Wakatoliki wa Augsburg waliopungukiwa, na sharti hilo halijabadilika: aombaye nyumba awe mkazi wa mji, Mkatoliki na mhitaji. Kodi ilikuwa sarafu moja ya gulden kwa mwaka, na hizo senti 88 ndizo thamani yake iliyogeuzwa kuwa fedha za sasa bila kuzingatia mfumuko wa bei. Maji, umeme na kupasha nyumba joto mpangaji hujilipia. Juu ya hayo ana wajibu wa kusali kila siku Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki, kumwombea mwasisi na ukoo wake. Hakuna anayebisha hodi kukagua kama sala zimesaliwa. Jambo hilo limeachiwa dhamiri ya mtu.

Watu wapatao 150 wanaishi humo, katika nyumba 67 za rangi ya manjano. Vivuta kengele vya chuma milangoni vina maumbo tofauti, na wenyeji hueleza kwamba zamani, kabla ya taa za barabarani, mtu aliujua mlango wake gizani kwa kupapasa. Saa nne usiku malango hufungwa. Anayechelewa hupitia lango moja tu, akampa mlinzi senti 50, na ikishapita saa sita, yuro nzima. Mlinzi huyo naye ni mkazi, kwa kuwa kazi ndogondogo za mtaa hugawanywa miongoni mwao. Fundi mwashi Franz Mozart, baba wa babu yake mtunzi maarufu wa muziki, aliishi humo tangu mwaka 1681 hadi alipofariki. Mabomu ya Februari 1944 yaliubomoa mtaa kwa sehemu kubwa, ukajengwa upya. Wakfu bado uko mikononi mwa ukoo wa Fugger, na mapato yake hutoka zaidi kwenye misitu.

Kiingilio cha mgeni kinazidi kodi ya mwaka mara kadhaa. Hata hivyo, kiingilio hakimpi mtu ruhusa ya kuchungulia madirishani. Zipo nyumba chache zilizotengwa kwa maonyesho. Nyingine zote ni faragha za watu, na mgeni mwenye adabu huzipita bila kukodoa macho.

Kundi likibahatika kufika tarehe 8 Agosti, litakuta maduka yamefungwa. Ni Sikukuu ya Amani, na katika Ujerumani nzima ni Augsburg peke yake inayopumzika siku hiyo. Mwaka 1629, tarehe kama hiyo, wahubiri wa Kiprotestanti walikatazwa kuhubiri mjini. Vita vya Miaka Thelathini vilipomalizika mwaka 1648, mji ulipewa utaratibu wa kugawa vyeo nusu kwa nusu kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na tangu 1650 Waprotestanti wakaanza kuadhimisha siku hiyo kwa shukrani. Leo watu wa dini zote hukaa kwenye meza ndefu mbele ya jumba la manispaa, kila mmoja na chakula alichotoka nacho nyumbani, wakapakuliana. Anayetoka pwani ya Afrika Mashariki hatahitaji kufundishwa namna ya kukaa kwenye meza hiyo.

Lakini anayetoka pwani hiyo ana jambo lake zito la kuuliza Augsburg. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliondoka Ureno kwenda India na kundi la meli, na miongoni mwa waliotia mtaji katika safari hiyo ya pilipili manga walikuwamo Welser na Fugger, matajiri wa mji huu. Julai, Kilwa ikavamiwa na kuporwa. Agosti, Mombasa ikachomwa moto. Wakala wa akina Welser, Balthasar Sprenger, alikuwa melini. Masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1509, na mchoraji wa Augsburg, Hans Burgkmair, akachonga picha za watu wa Afrika na India kutokana na safari hiyo. Utajiri wa Fugger ulitokana zaidi na migodi na mikopo, na wakfu wake umewafaa maskini kwa miaka 500. Hilo halifuti habari ya Kilwa, wala ya Kilwa haifuti wema wa wakfu.

Walimu wanaopeleka vijana Augsburg wachukue na nakala za picha za Burgkmair, wazifungue palepale Fuggerei, na wawape wanafunzi wa Tanzania na Kenya nafasi ya kwanza ya kuzungumza.