Je, Wajua? Kanuni ya Adhabu Iliyozunguka Dunia

Je, wajua kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ile Sura ya 16, ina asili ya Australia? Samuel Griffith aliiandika kwa ajili ya jimbo la Queensland, ikapitishwa mwaka 1899, na mengi alikuwa ameyachota kwenye kanuni ya Italia ya mwaka 1889. Waingereza waliipitisha Nigeria kwanza. Mwaka 1930 ikatua Tanganyika, Kenya na Uganda.

Kabla ya hapo, Mwingereza alikuwa akiwahukumu Watanganyika kwa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake ilisimamiwa na Macaulay.

Je, wajua hamsa ishirini? Ndivyo wazee walivyoviita viboko 25 vya Mjerumani. Amri ya mwaka 1896 iliweka idadi hiyo kuwa kikomo kwa adhabu moja. Wanawake, Waarabu na Wahindi hawakuchapwa. Mjerumani mwenyewe alihukumiwa kwa sheria ya kwao.

Kiboko hakikuondoka na mkoloni. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963, Uhuru ukiwa na miaka miwili tu, iliagiza kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24 kwa makosa kama wizi wa mali ya serikali: 12 siku ya kuingia gerezani, 12 siku ya kutoka. Kimoja pungufu ya vile vya Mjerumani! Mwaka 1998 kikatajwa tena, safari hii kwa mbakaji, juu ya kifungo cha miaka 30.

Mwaka 1983, walanguzi walipokuwa wakisakwa nchi nzima, ilitungwa sheria ya uhujumu uchumi iliyorudi nyuma na kugusa matendo yaliyofanyika kabla haijakuwepo. Wakili hakuruhusiwa, dhamana hakuna, rufaa hakuna. Haikumaliza hata miaka miwili: sheria ya mwaka 1984 ilizihamishia kesi hizo Mahakama Kuu.

Je, wajua kwamba adhabu ya kifo iliwahi kufutwa na jaji mmoja? Mwaka 1994 huko Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua, katika kesi ya Mbushuu, kwamba kunyonga kunakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, kisha ikairudisha kwa hoja ya maslahi ya umma. Kwangu hii ni moja ya hukumu za ajabu kabisa katika vitabu vyetu. Hakuna aliyenyongwa tangu mwaka huohuo wa 1994, lakini anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia bado husomewa kifo.

Ukipanda boti Dar es Salaam ukashuka Unguja, umebadilisha sheria ya jinai. Jinai si jambo la Muungano, na Zanzibar inatumia sheria yake ya adhabu ya mwaka 2018.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2021, ilipobadilishwa lugha ya mahakama, mshtakiwa katika mahakama ya wilaya aliweza kujitetea kwa Kiswahili, shahidi akajibu kwa Kiswahili, hakimu akauliza kwa Kiswahili, kisha akainama na kuyaandika yote kwa Kiingereza?