Vifaranga wengi, majogoo wengi, fedha hazionekani: Kasoro iko wapi?

JOGOO wa shamba hawiki mjini, walisema wahenga. Lakini leo hii ukilala Mbagala, Kibaha au pembezoni mwa mji wa Dodoma, jogoo ndiye anayekuamsha alfajiri, na mara nyingi si mmoja bali ni watano au sita wanaojibizana katika uwanja mmoja.

Kwa mpita njia, sauti hizo ni dalili ya nyumba yenye kuku wengi. Kwa mfugaji anayepiga hesabu, ni dalili ya hasara. Uwanja wenye mitetea wanane unahitaji jogoo mmoja tu. Watano waliobaki wanakula bila kazi, wanapigana, wanawachubua mitetea migongo na kuwafukuza vifaranga kwenye chakula. Kila mmoja akipewa gramu 40 tu za pumba kwa siku, watano hao wanamaliza kilo sita kwa mwezi, yaani zaidi ya kilo 70 kwa mwaka.

Kuku wa kienyeji ndiye benki ya familia nyingi za kipato cha chini. Ndiye anayeuzwa sare ya shule inapohitajika, mtoto anapougua usiku au mgeni anapoingia bila taarifa. Hata hivyo, wafugaji wengi wamekaa na idadi ile ile ya kuku miaka nenda rudi. Kuku wanatotoa, lakini kundi haliongezeki. Wakiongezeka, mdondo unapita na kufagia banda zima.

Wataalamu wa mifugo wanasema kasoro iko katika mambo matatu: vifaranga wanaokufa kabla ya kufikisha miezi miwili, majogoo wasiopangiwa kazi wala siku ya kuuzwa, na kuku wageni wanaoingizwa kundini bila tahadhari.

Hesabu ya mitetea watano

Chukua mfano wa mama mwenye mitetea watano. Kila mmoja akitotoa vifaranga 10 mara tatu kwa mwaka, anapata vifaranga 150. Wakiachwa wajitafutie wenyewe na mama yao, si ajabu saba katika kila 10 kupotea kwa baridi, mwewe, kicheche, njaa na magonjwa. Mwisho wa mwaka anabaki na kuku 45.

Mama huyo akiwatunza vifaranga wake hata wakafa wawili tu katika kila 10, anabaki na kuku 120. Tofauti ni kuku 75. Kama bei ya kuku sokoni kwake ni Sh15,000, hiyo ni Sh1,125,000. Si faida yote, kwa kuwa kuna chakula, chanjo na misumari ya banda ya kulipia. Lakini hakuongeza mtetea hata mmoja. Alichofanya ni kutowaacha vifaranga wafe.

Kuatamisha kwa pamoja

Mayai ya kuatamisha yachaguliwe yaliyo safi, ya ukubwa wa kawaida na yasiyo na ufa, na yasikae zaidi ya siku saba hadi 10 tangu yatagwe. Yahifadhiwe mahali pa baridi, ncha nene ikiwa juu. Mtetea mmoja wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hadi 13. Ukimwekea 18 ili upate wengi, mengine yatapoa na utavuna mayai viza.

Mbinu inayowasaidia wafugaji wengi ni kuwaatamisha mitetea wawili au watatu siku moja. Anayeanza kulalia mapema apewe mayai ya kumshikilia, yaliyowekwa alama ya mkaa. Wenzake wakiwa tayari, mayai hayo yaondolewe na wote wawekewe mayai mazuri kwa wakati mmoja, ikiwezekana jioni.

Siku ya saba, mayai yapimwe gizani kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi na mishipa midogo ya damu. Lililo jeupe kabisa liondolewe. Siku ya 21 vifaranga hutoka, na kwa kuwa wametoka pamoja, mtetea mmoja anaweza kukabidhiwa watoto wa wenzake pia. Wakabidhiwe usiku, wakiwa bado wa siku moja au mbili, kwa sababu mtetea akishawazoea wanawe huwadonoa wageni. Mitetea waliobaki bila watoto hurudi kutaga mapema.

Kiota kitandazwe majani makavu juu ya majivu kidogo ili kupunguza utitiri. Mtetea mwenye utitiri hutoka kwenye mayai mara kwa mara, na mayai yakipoa hakuna kifaranga.

Mwezi wa kwanza

Kifaranga hafi kwa sababu ni wa kienyeji. Hufa kwa baridi, njaa, kiu au kuliwa. Kwa wiki nne za mwanzo asizurure na mama yake uwanja mzima. Wawekwe ndani, au kwenye tenga kubwa lililofunikwa wavu, ili mwewe, kunguru, nguchiro na paka wasiwafikie.

Wanaolelewa bila mama wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likipunguzwa nyuzi tatu hivi kila wiki. Mfugaji asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya karibu na taa au jiko na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika, wakila na kulala kwa utulivu, joto linatosha. Anayetumia jiko la mkaa ahakikishe hewa inaingia na kutoka, kwani moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huua vifaranga na binadamu pia.

Chakula chao kisiwe pumba tupu. Wiki nne hadi sita za mwanzo wapewe chakula cha vifaranga kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo, kwa sababu kina protini ya kutosha. Kiwekwe ndani ya tenga lenye matundu ambayo kifaranga anapita na kuku mkubwa hapiti. Bila hivyo, majogoo watakimaliza dakika chache baada ya kumwagwa.

Kwa kuku wakubwa, mfugaji anaweza kuchanganya mwenyewe. Kwa kilo 20 hivi atumie kilo 14 za pumba na mahindi yaliyobarazwa, kilo nne za mashudu ya alizeti, kilo moja na nusu ya dagaa waliosagwa, nusu kilo ya chokaa ya mifugo na gramu 50 za chumvi. Dagaa wakiwa wa chumvi, chumvi nyingine isiongezwe. Mahindi yenye ukungu yasitumike, kwani sumu yake hudhoofisha ini na kuku hawakui.

Mchwa nao ni protini ya bure. Chungu kikuukuu kijazwe mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kinyunyiziwe maji na kufunikwa juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi vifaranga wanapata kitoweo.

Kinyesi chenye damu katika umri huu ni dalili ya ugonjwa wa kuhara damu, unaopenda mabanda yenye unyevu. Matandazo yaliyolowa yaondolewe mara moja na ushauri wa dawa utafutwe kwa mtaalamu wa mifugo wa kata.

Baada ya wiki nne hivi mtetea atengwe na watoto wake. Akiachwa nao kwa miezi mitatu, hatagi, na huo ni uzao mzima uliopotea katika mwaka.

Jogoo mmoja, mitetea kumi

Katika kila vifaranga wanaotoka, karibu nusu ni majogoo. Hilo halizuiliki. Kinachowezekana ni kuamua mapema nani atabaki na nani atauzwa.

Kuanzia wiki ya nane hadi ya 10, upanga wa jogoo huanza kuwa mwekundu na kukua kuliko wa tembe. Huo ndio wakati wa kuwatenganisha. Majogoo wadogo wakiachwa pamoja na tembe watapigana, watapanda dada zao na mama zao, na uzao utadhoofika kizazi baada ya kizazi: mayai hayatotoi vizuri, vifaranga ni dhaifu na umbo linapungua.

Jogoo mmoja anatosha mitetea wanane hadi 10. Achaguliwe mwenye kifua kipana, miguu iliyonyooka na macho maangavu, aliyetoka kwa mama anayetaga na kulea vizuri. Anayetaka umbo kubwa anaweza kutumia jogoo wa aina ya Kuchi, ilimradi ajue kuwa mwenye umbo kubwa hula zaidi na akali ya Kuchi ni wagomvi.

Kila baada ya mwaka jogoo abadilishwe, kabla hajaanza kupanda mabinti zake. Njia rahisi ni kubadilishana na mfugaji wa kijiji kingine, kwani jogoo wa jirani wa ukuta kwa ukuta huenda ni ndugu yao. Baada ya kubadilisha, mfugaji asubiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuatamisha. Mbegu ya jogoo wa zamani hukaa mwilini mwa mtetea kwa wiki mbili hadi tatu.

Wapo wanaofuga majogoo wengi wakiamini mitetea hawatagi bila jogoo. Si kweli. Mtetea hutaga hata asipomwona jogoo maisha yake yote. Ila mayai hayo hayatotoi. Anayeuza mayai ya kula tu hahitaji jogoo, na mayai yasiyo na mbegu hayaharibiki haraka.

Siku ya kuuza ipangwe kabla ya kuatamisha

Jogoo wa kienyeji aliyelishwa vizuri huwa tayari kwa soko akiwa na miezi mitano hadi sita. Akizidi hapo anaendelea kula, lakini uzito hauongezeki kwa kasi ile ya mwanzo.

Bei nayo hupanda Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na Idd. Mfugaji anayetaka kuuza wiki ya Krismasi ahesabu kurudi nyuma: miezi sita ya kukua na siku 21 za kuatamia, kwa hiyo mayai yawekwe mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Anayelenga Idd akumbuke kwamba sikukuu hiyo huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo tarehe ya mwaka jana haimfai mwaka huu.

Mgeni akae nje kwanza

Hasara kubwa kuliko zote huingia na kuku anayebebwa mkononi. Mfanyabiashara anapeleka kuku mnadani, wanabaki wawili, jioni anawarudisha bandani. Baada ya wiki moja kuku wanasinzia, wanahara kijani, wanahema kwa shida na wengine wanapinda shingo. Huo ni mdondo, wengine huuita kideri, na hauna tiba.

Ugonjwa huo uliripotiwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na mjini Newcastle, Uingereza, ambako ulipata jina lake la kitaalamu. Karibu miaka 100 baadaye bado unafagia mabanda ya vijijini, ingawa chanjo ipo.

Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, na hapa nchini hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kustahimili joto si kustahimili jua: chupa ifungwe kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini. Kuku ambaye tayari anaumwa hatapona kwa chanjo.

Chupa moja huchanja kuku wengi kuliko alio nao mfugaji mmoja, na ikishafunguliwa haifai kuwekwa kwa ajili ya mwezi ujao. Ndiyo maana inafaa majirani wachange na kuchanja siku moja. Kuna faida ya pili: kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye anayeendeleza ugonjwa mtaani.

Kuku yeyote mgeni, awe wa kununua, wa zawadi au aliyerudi mnadani, atengwe wiki mbili hadi tatu mbali na wenzake, na vyombo vyake vya maji na chakula viwe tofauti. Anayehudumia aanze na wenyeji, amalizie na wageni. Mgeni achanjwe na kupewa dawa ya minyoo siku hizo, kwa sababu kinga ya chanjo huchukua hadi wiki mbili kujengeka. Akiwa mzima, aingizwe bandani usiku ili asubuhi vita visiwe vikali.

Mdondo ukishaingia, kishawishi ni kuwauza haraka waliobaki. Kufanya hivyo ni kuupeleka kwa jirani na mnadani, na baada ya miezi michache utarudi kwa mwenyewe kupitia kuku atakaowanunua. Waliokufa wachomwe au wafukiwe, si kutupwa jalalani.

Daftari la kurasa chache linatosha kuanzia: tarehe ya kuatamisha, mayai yaliyowekwa na yaliyotoka, vifaranga waliokufa na sababu, siku ya chanjo, umri wa jogoo na bei aliyouzwa. Mfugaji anayeandika hayo kwa mwaka mmoja hatauliza tena fedha zinaishia wapi. Ataona mwenyewe kama zinaliwa na mwewe, na mdondo, au na majogoo watano wanaowika alfajiri.