Aliyedhaniwa Kafa Aliimba Tena

Sixto Rodriguez wa Detroit, Marekani, alitoa santuri mbili, mwaka 1970 na 1971. Kwao hazikununuliwa, naye akashika kazi ya kubomoa nyumba. Kumbe huko Afrika Kusini vijana walikuwa wakinakiliana nyimbo zake katika kanda, huku wakisimuliana kwamba alijiua jukwaani. Wapenzi wawili wa muziki wake hawakuridhika na uvumi huo. Jina la mji wa Dearborn, lililotajwa katika wimbo mmoja, likawaongoza. Mwaka 1997 wakamkuta yu hai. Mwaka 1998 aliwaimbia maelfu ana kwa ana. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 81. Ndugu msomaji, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.