Ramani za Mbao na Kazi ya Kutawala
Wapo wanaozidharau ramani za kale za China zilizochapwa kwa vibao vya mbao, wakidai waliozichora hawakujua vipimo. Ushahidi unawakanusha. Atlasi ya mchora ramani Luo Hongxian, Guang Yutu, iliyochapwa mnamo 1555 hivi, ilifunika kila jimbo kwa miraba, upande wa kila mraba ukiwa li 100 (li ni kipimo cha umbali cha China). Alama ya mraba mweupe ilionyesha makao ya mkoa, duara wilaya. Ni kweli, katika ramani za vitabu vya maelezo ya wilaya, ofisi ya hakimu, yaani mtawala wa wilaya, huchorwa kubwa mno. Lakini hakimu huyo alikuwa mgeni, maana sheria ilimkataza kutawala jimbo alikozaliwa: alihitaji kwanza kujua lango, ghala la nafaka na hekalu viko wapi. Umbali aliusoma kwenye maandishi ya kitabu hichohicho.