Rada Inavyousoma Upepo wa Ziwa

Sisi wa Buganguzi ni watu wa migomba na kahawa, lakini ndugu zetu wengi wanavua katika visiwa vya Goziba na Bumbire, Ziwa Victoria. Ndiyo maana nikifundisha mawimbi katika somo la fizikia, swali huwa lilelile: "Mwalimu, setilaiti haziwezi kuona ziwa likichafuka?"

Zinaona, ila si moja kwa moja. Setilaiti yenye rada, Sentinel-1A, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya Aprili 2014, hupita kilometa karibu 700 juu yetu. Hutuma mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimeta 5.6 na kupokea yanayorudi, hivyo giza na mawingu haviizuii. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo upande wa pili, kama kioo, na ziwa hutokea jeusi pichani. Upepo ukivuma, juu ya maji hutokea viwimbi vya sentimeta chache. Viwimbi hivyo ndivyo vinavyorudisha mwangwi, na ziwa huanza kung'aa. Kutokana na mng'ao huo wataalamu hukadiria kasi ya upepo.

Baharini, picha hizo huonyesha hata mawimbi makubwa yanayopishana kwa mita 100 na zaidi. Mawimbi ya Victoria ni mafupi, yamebanana, na mengi hayaonekani pichani. Nayo ndiyo hatari: mtumbwi haujamaliza kupanda la kwanza, la pili limeshamwaga maji ndani.

Tatizo jingine ni muda. Setilaiti hurudi baada ya siku kadhaa, ilhali dhoruba huzaliwa usiku mmoja. Nchi kavu ikipoa, upepo hushuka kutoka kingo zote na kukutana ziwani. Hewa yenye joto na unyevu hupanda, radi zinaanza. Saa hizo wavuvi wa dagaa wako na taa zao majini.

Hapo tunategemea rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliyopo Kiseke, Mwanza. Hiyo haitazami maji. Hufuatilia mvua na uelekeo wake, dakika kwa dakika. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulisaidia kuboresha utabiri kwa wavuvi wa nchi zinazolizunguka ziwa.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi: mwenye ndugu kisiwani ampigie simu jioni, amsomee utabiri wa upepo na mawimbi kabla hajasukuma mtumbwi. Akishafika katikati ya ziwa, huenda hata mtandao haumpati.